Kabla hujasema "hii maiti ina wiki"

Juzi nilikuwa na kijana mgeni kwenye hii kazi ya vifo vyenye utata. Kaiangalia maiti dakika mbili, kashatamka: "hii ina wiki". Nikamuuliza, wiki kwa joto gani? Kimya. Haya, twende hatua kwa hatua, jinsi ya kukadiria mtu kafa lini.

Hatua ya 1: Glavu, picha, mchoro wa eneo. Mnajua.

Hatua ya 2: Joto. Hapa ndo penye shughuli. Kabla mtu hajagusa dirisha, feni wala kiyoyozi, andika umevikutaje. Mimi yalishanikuta, harufu ilikuwa kali, mtu akafungua madirisha yote na kiyoyozi akazima kabla sijafika, nikapima nyuzi 29 nikapiga hesabu zangu zote kwa hiyo namba, usiku kucha nashangaa mbona funza bado wadogo hivi, kumbe chumba kilikuwa kwenye 18 muda wote. Baridi inachelewesha kila kitu, bakteria na funza.

Pima hewa kivulini, pima sakafu au udongo pembeni, pima chini ya maiti ikishanyanyuliwa. Lundo la funza lipime peke yake maana wakiwa wengi wanajipasha moto wenyewe, wanaweza kuizidi hewa kwa nyuzi 10 na zaidi, ukichanganya namba hizo umekwisha. Tumia themometa ya kuchomeka, zile za kuelekeza kama bastola zinasoma juu juu tu, mimi sizitaki. Halafu acha kifaa cha kurekodi joto palepale siku kadhaa, ulinganishe na kituo cha hali ya hewa. Kituo peke yake hakijui kama maiti ilikuwa juani au chini ya mti.

Hatua ya 3: Funza. Chukua wakubwa kuliko wote. Nusu waue kwa maji ya moto ndo uwatie kwenye spiriti (ukiwatosa moja kwa moja wanasinyaa na kuwa weusi), nusu wabaki hai. Na uliza: nzi waliingilia wapi? Maiti iliyoviringishwa blanketi au kufungiwa ndani, nzi huchelewa kuifikia.

Hatua ya 4: Maji na udongo. Kanuni ya zamani ya daktari Mjerumani Casper ni kwamba kuoza kwa wiki 1 hewani ni sawa na wiki 2 majini, sawa na wiki 8 ardhini. Ni ya kukisia tu, usiiandike kwenye ripoti. Penye unyevu pasipo hewa mafuta ya mwili hugeuka kama sabuni, penye ukavu na upepo ngozi hukauka kama ngoma, na maiti moja inaweza kuwa na vyote viwili, juu ngoma chini sabuni, kwa hiyo igeuze.

Hatua ya 5: Ripoti. Toa kuanzia lini hadi lini, na joto ulilotumia liandike hapohapo pembeni.