Diski Imejaa kwenye Linux: Mtafute Mla Nafasi Kabla ya Kufuta

Mashine ikikujibu `No space left on device`, mkono huwasha kufuta chochote kilicho karibu. Uzuie kwanza. Mifano hii ni ya Debian na Ubuntu, ila hatua mbili za mwanzo zinafanya kazi karibu Linux yoyote.

1. Pima diski

`df -h`

Herufi h hugeuza tarakimu ndefu kuwa M na G. Tazama mstari unaoishia na `/` peke yake: ukisoma 100%, tatizo liko hapo. Nafasi ipo lakini mashine bado inagoma? Jaribu `df -i`. Huenda nafasi za kusajili faili ndizo zimekwisha, kwa sababu ya vifaili vidogo visivyo na idadi.

2. Fuata uzito

`sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h`

`sudo` huipa amri mamlaka ya msimamizi wa mashine. `du` hujumlisha ukubwa wa kila folda, na `-x` huizuia isivuke kwenda diski nyingine, kama flashi uliyochomeka. Kile kistari wima hupokea matokeo ya amri ya kushoto na kuyakabidhi kwa ya kulia. `sort -h` huyapanga, kubwa likiwa chini. Mstari wa mwisho ni jumla, basi mshukiwa wako ni ule wa juu yake. Rudia amri ukiweka `/var` badala ya `/`, kisha `/var/log`, mpaka umfikie. Mimi safari hii huishia `/var/log` mara nyingi kuliko kwingine.

3. Ondoa visivyo na hasara

`sudo apt clean`
`sudo journalctl --vacuum-size=200M`

Ya kwanza hufuta vifurushi vya usakinishaji vilivyokwisha kupakuliwa. Programu zako haziguswi. Ya pili hupunguza kumbukumbu za zamani za mfumo (log, yaani maandishi ya matukio yake).

4. Faili ya kumbukumbu iliyovimba

Hapa ndipo nilipokesha usiku mzima. Nilifuta kwa `rm` faili ya GB 30, na `df` ikabaki 100% ileile. Kumbe `rm` huondoa jina tu. Programu iliyoifungua bado inaishikilia, na nafasi hairudi mpaka iiachie. Kwa hiyo isome kwanza, maana mara nyingi inaeleza yenyewe kwa nini imevimba, kisha ikamue bila kuifuta:

`sudo tail -n 50 /var/log/mfano.log`
`sudo truncate -s 0 /var/log/mfano.log`

Umeshaifuta? `sudo lsof +L1` huorodhesha faili zisizo na jina ambazo bado zimeshikiliwa, pamoja na programu inayozishikilia. Izime programu hiyo na kuiwasha upya kwa `sudo systemctl restart` ikifuatwa na jina la huduma yake.

Rudia `df -h`. Faili ileile ikivimba tena wiki ijayo, fungua `/etc/logrotate.d` uone kama programu hiyo imewekewa ratiba ya kuzungusha kumbukumbu zake, yaani kuanza faili mpya na kufuta za zamani.