Kumwita elki: mwitaji akae nyuma ya mpiga mshale

Mkiwinda elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, kwa upinde mkiwa wawili, mwezi wa Septemba, msimu wa kupandana katika Milima ya Rocky huko Marekani, mwitaji, yaani anayeiga mlio wa jike ili dume aje, asikae pamoja na mpiga mshale, bali abaki nyuma yake kiasi cha mita 50, ndani ya kichaka, na mpiga mshale ajongee mbele akiegemea upande ambako upepo unaelekea. Dume anayesikia mlio wa jike huja akimtafuta kwa macho, na akifika mahali anapotarajia kumwona lakini asimwone, husimama. Zaidi ya hayo, mara nyingi huzunguka ili anuse harufu kutoka chini ya upepo, na njia hiyo ndiyo inayompitisha mbele ya mshale. Msimu huu mmoja alisimama hatua 30 kutoka kwa mwenzangu, shingo ameinyoosha, mvuke ukimtoka puani, macho yote kwenye kichaka nilimokuwa. Ita kwa upole mara mbili au tatu, kisha nyamaza kwa dakika kadhaa, maana naamini wengi wetu tunaharibu kwa kuita mno. Mbinu hii hushindwa upepo unapogeuka-geuka, kwa kuwa akishapata harufu ya mtu harudi. Hushindwa pia kwa dume aliyekwisha kukusanya majike yake: huyo hujibu kwa mbinja ndefu, kisha huwaswaga na kuondoka nao, hasa ukimwiga dume mwenzake ukiwa mbali.