Plastiki ya rangi kwa macho yanayoumizwa na mwanga

Kama mwanga umeanza kukuumiza ghafla, una homa na shingo imekakamaa, au jicho ni jekundu na linauma, nenda hospitali leo. Yanayofuata, yaani kuweka plastiki ya rangi juu ya kitabu au skrini ili kupunguza mwanga wa buluu, ni ya wenye kipandauso na wale ambao karatasi nyeupe au taa za tyubu huwachoma macho kila siku.

1. Nunua

Majalada ya plastiki ya kubaindia ripoti, yale yanayoonyesha, yanatosha. Chukua njano, chungwa, waridi na kijani. Nailoni ya kufungia zawadi iache: hujikunja, na mikunjo humeremeta kuliko karatasi yenyewe. A4 hutosha kitabu. Skrini ya laptopu ya inchi 14 ina upana wa sentimita 31 hivi, A4 ina 29.7, kwa hiyo tafuta A3.

2. Pima

Hapa ndipo pesa hupotea. Rangi ya plastiki haikwambii inazuia nini. Ya buluu, ambayo watu huikimbilia kwa kuwa “inapoza macho”, ndiyo inayopitisha mwanga wa buluu. Waridi nayo ni kigeugeu: miwani ya FL-41 ya wenye kipandauso ni ya waridi na hupunguza mwanga wa karibu nanomita 480, yaani wa buluu, lakini jalada la waridi la dukani linaweza kukata kijani na kuachia buluu ipite.

Zima hali ya usiku ya simu (ile inayofanya kioo kiwe cha njano), pandisha mwanga wa kioo hadi mwisho, fungua picha ya buluu tupu (nyekundu 0, kijani 0, buluu 255), kisha funika nusu yake kwa plastiki. Nusu hiyo ikiwa karibu nyeusi, umepata. Ikififia tu, weka tabaka mbili upime tena. Rudia kwa picha ya kijani tupu: nayo ikizimika, plastiki hiyo itafaa usiku lakini kusomea itakutesa.

Tazama kwa macho, si kwa kamera. Kamera hurekebisha rangi yenyewe. Wala usipime baada ya kuitazamia kwa dakika kumi, maana macho huzoea na njano huanza kuonekana nyeupe.

Jambo jingine: juu ya karatasi mwanga hupita kwenye plastiki mara mbili, kushuka na kurudi. Juu ya skrini hupita mara moja. Ndiyo maana jalada linalofaa kitabuni huonekana jepesi mno kwenye laptopu. Pima mahali utakapolitumia.

3. Chagua ya kusomea

Dakika tano kwa kila rangi, taa ileile, maandishi ya ukubwa uleule. Kesho geuza mpangilio. Kichwa kikiuma siku hiyo, ahirisha. Utakachopata ni nafuu ya macho tu. Anayekuuzia plastiki kama tiba ya disleksia (tatizo la kusoma), mpite.

4. Kata na ubandike

Upande usiong’aa uwe juu. Kwa laptopu, selotepu iende kwenye fremu ya skrini, pembe mbili za juu, ili uweze kuiinua plastiki.

Kwa simu usihangaike na plastiki. Punguza mwanga wa kioo kwanza, kisha washa hali ya usiku na kuisukuma hadi mwisho.

Na miwani ya jua usiivae ndani ya nyumba. Macho yakishazoea giza, taa ileile ya jana itakuchoma zaidi.