Somo: Kuweka igeti ya APRS Kigoma, ya kupokea tu

APRS ni mfumo wa redio za ridhaa wa kurusha mahali ulipo na ujumbe mfupi kwa njia ya data. Aliuanzisha Mmarekani Bob Bruninga, mwenye alama ya wito WB4APR. Igeti ni kituo kinachodaka data hiyo hewani na kuipeleka intaneti, ndipo boti yako ionekane kwenye ramani ya aprs.fi. Anza na ya kupokea tu: umeme inakula kidogo, na ukikosea humsumbui mtu hewani.

1. Alama ya wito, yaani jina lako hewani. Leseni inatoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na alama zetu huanza na 5H. Igeti huongezewa -10 mwishoni, boti -8, gari -9.

2. Antena. Kazi yote iko hapa. Masafa yetu ni 144.800 MHz, maelekezo ya Wamarekani yana 144.390, usiyanakili. Kata waya wa shaba sm 49 usimame wima, na minne kama huo chini yake ikiinama kama miguu ya kigoda. Kebo iwe fupi, kwa sababu RG-58 ndefu inameza mawimbi. Kisha tafuta kilima. Antena ikiwa mita 100 juu ya maji, upeo wake ziwani ni karibu kilomita 41. Ukiifunga nyuma ya mlima, hata redio ya bei mbaya haikusaidii.

3. Kompyuta. Raspberry Pi (kompyuta ndogo), kipokezi cha redio cha RTL-SDR cha kuchomeka USB, na programu ya Direwolf. Kwenye faili la sdr.conf andika:

MYCALL ALAMAYAKO-10
IGSERVER euro.aprs2.net
IGLOGIN ALAMAYAKO-10 PASKODI

Paskodi hukokotolewa kutokana na alama yako ya wito.

4. Mahali. Ramani ya simu inakupa -4.88, 29.63. Direwolf nayo huandikiwa hivi, kwa digrii na dakika:

PBEACON sendto=IG delay=1 every=30 symbol="igate" overlay=R lat=4^52.8S long=29^37.8E

Ile 0.88 zidisha kwa 60, upate 52.8. Na hiyo S (kusini) msiichezee! Ukiweka N (kaskazini), igeti yako inahamia Sudan Kusini, jirani na Maridi.

5. Washa.

rtl_fm -f 144.80M - | direwolf -c sdr.conf -r 24000 -D 1 -

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Hapa Ujiji nikiwa peke yangu hewani, nitajuaje inasikia?*
Marahaba. Hamishia 145.825 MHz Kituo cha Anga cha Kimataifa kinapopita juu. APRS yake ikiwa imewashwa, utaona maandishi yanamiminika. Ukimaliza rudisha 144.800.

*Boti irushe kila baada ya muda gani?*
Dakika mbili zinatosha. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, hapo imesogea nusu kilomita tu.

*Bando litaisha?*
Wapi! Ni maandishi mafupi tu.

*Kaka, naweza kuwafungia wavuvi wetu wa dagaa?*
Asiye na leseni haruhusiwi kurusha, na kazi ya biashara haipitishwi kwenye masafa haya. Tena kila kitu kiko wazi: mvuvi gani atakubali ulimwengu mzima uone anakovulia?

*Umeme ukikatika?*
Sola na betri, na usiisahau ruta. Pi ikiwaka huku ruta imezima, yaliyosikika muda huo yamepotea, hayawekwi akiba.