Namna Bondia Anavyoweza Kujijengea Jina Nje ya Ulingo

Bondia anayetaka kujulikana hata kwa watu wasiofuatilia ngumi aanze kwa kuwapa kitu kimoja chepesi cha kutamka. Rekodi ya mapambano haifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa mwenye genge na kondakta wa daladala hawana sababu ya kuikariri. Bondia wa Tanzania Karim Mandonga, maarufu kama "Mtu Kazi", alipokwenda Nairobi Januari 2023 kupambana na Mkenya Daniel Wanyonyi, alitangaza kwamba anakwenda na ngumi mpya iitwayo Sugunyo. Katika ufundi wa masumbwi hakuna ngumi ya jina hilo, na hapo ndipo ulipokuwa ujanja wake: kila aliyelisikia alitaka kuona ni ngumi ya namna gani. Mandonga alishinda, na jina hilo likabaki vinywani mwa watu ambao hawangeweza kukutajia hata raundi za pambano lenyewe.

Tambo zako ziwe na kipimo. Kusema "nitampiga" hakumvuti mtu, maana kila bondia husema hivyo. Cassius Clay, kabla hajawa Muhammad Ali, alikuwa akitaja raundi. Mwaka 1962 alisema Archie Moore angeanguka katika raundi ya nne, na ikawa hivyo. Mwaka mmoja kabla, huko Las Vegas, alikuwa amejifunza kwa mwanamieleka Gorgeous George kwamba anayekuchukia naye hununua tiketi, akitumaini kukuona ukinyamazishwa. Kwa hiyo usihangaike kupendwa na wote, ila umtambie mpinzani kwa kazi yake ya ulingoni, si kwa mama yake wala kabila lake, kwani matusi ya namna hiyo huwafukuza wadhamini.

Jiandae pia kwa siku ya kushindwa, na kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Mandonga alishindwa na Shaban Kaoneka mwaka 2022, lakini hakujificha. Aliendelea kuzungumza na waandishi kwa ucheshi uleule, na mwaliko wa Nairobi ukaja baadaye. Anayetamba kisha akazima simu baada ya kipigo huwaachia wengine nafasi ya kumsimulia.

Picha na video fupi za mazoezini na za siku ya kupima uzito uziweke mwenyewe, kwa lugha unayoizungumza nyumbani.

Hatimaye, jina likishakua, rudi kwenye mkataba. Mwaka 2006 Floyd Mayweather alilipa dola 750,000 ili aachane na promota wake, yaani mwandaaji wa mapambano yake, na mwaka uliofuata akapambana na Oscar De La Hoya akiwa huru kujadili mgawo wake. Wewe huenda huna fedha za namna hiyo, lakini kabla ya kutia saini unaweza kumtaka promota aandike asilimia utakayopata kwenye viingilio na matangazo ya televisheni, na mtu mwingine unayemwamini aisome karatasi hiyo.