Kuisoma picha ya kreta ya Jezero kwenye Mirihi, hatua kwa hatua

Juzi mpwa wangu aliniletea ramani aliyoichora ya kreta (shimo lililochimbwa na kimondo) ya Jezero. Kila shimo dogo alikuwa ameliandika "kilima". Mimi mwenyewe kosa hilo lilinikesha usiku mzima nilipoanza, ndiyo maana hatua ya 3 hapa chini ni ndefu.

1. Pakua JMARS, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha Arizona State. Mars Trek ya NASA ni nzuri kwa kutembeza macho, lakini kwa kuchora ramani sitaki nyingine. Nenda latitudo 18.4 kaskazini, longitudo 77.5 mashariki.

2. Weka picha za CTX, kamera inayoona eneo pana. Pikseli moja ni kama mita 6, na kreta nzima, yenye upana wa kilomita 45 hivi, itaonekana. Usianze na HiRISE, kamera inayokuza sana. Utaona mawe, kreta usiione.

3. Kabla hujaita kitu chochote jina, jua mwanga unatoka wapi. Chombo kinachopiga picha hizi, Mars Reconnaissance Orbiter, hupita mnamo saa tisa alasiri kwa saa za huko. Jua liko magharibi, kwa hiyo kaskazini ikiwa juu, mwanga unatoka kushoto. Kwenye shimo, ukuta ulio upande wa jua ndio wenye giza, na wa ng'ambo unang'aa. Kilima ni kinyume chake.

Jaribu kwa Belva, shimo la karibu kilomita 1 lililo juu ya delta, rundo la mchanga na tope ambalo mto uliacha ulipoingia ziwani. Macho yakikataa na kuliona limevimba, chapa picha kwenye karatasi uizungushe mpaka mwanga utoke juu. Shimo litazama papo hapo. Ila ukimaliza rudisha kaskazini juu, la sivyo utachora ramani nzima kombo.

Angalia pia kwamba si kila weusi ni kivuli. Kivuli hushika ukuta. Mchanga mweusi hulala chini, na ukiukuza utaona mawimbi yake. Picha ghafi, ambazo hazijanyooshwa, huenda zimegeuka juu chini, kwa hiyo soma maelezo yake kwanza. Na vipimo vya mwinuko vya MOLA, kifaa cha leza kilichopima Mirihi kutoka angani, vitakusaidia kwa Jezero yenyewe, si kwa Belva: pikseli yake moja ni karibu nusu kilomita.

4. Fuata ukingo. Umechakaa, na mito imeukata: Neretva Vallis (vallis ni bonde) magharibi na Sava Vallis kaskazini ziliingiza maji, Pliva Vallis mashariki ikayatoa. Mlango huo wa kutokea ndio unaoonyesha kwamba ziwa lilijaa hadi likafurika.

5. Kwenye mdomo wa Neretva chora delta. Usikiache Kodiak, kilima kilichosimama peke yake mbele yake. Perseverance, roboti ya NASA yenye magurudumu iliyotua humo Februari 18, 2021, ilipiga picha ubavu wake: tabaka za chini zimeinama, za juu zimelala, jinsi mto unavyomwaga mchanga ziwani.

6. Sakafu usiiandike "tope la ziwa". Miamba ambayo Perseverance iliichimba humo ilitokana na uji wa moto wa volkano.

7. Mpaka wenye uhakika, mstari mzima. Unaoukisia, nukta nukta.