Kumeza kwa usalama ukiwa na MS: anza na koo lako la leo

Mtu mwenye MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo) akinijia akilalamika kwamba anapaliwa, swali langu la kwanza ni: saa ngapi? Asubuhi au jioni? Tonge la kwanza au la mwisho? Kazi yangu ni kutibu matatizo ya usemi na kumeza, na katika ugonjwa huu majibu ya maswali hayo hunisaidia kuliko orodha ndefu ya vyakula. Koo la mtu mwenye MS hubadilika. Maji yaliyopita vizuri saa mbili asubuhi yanaweza kumpalia mtu huyohuyo saa kumi na mbili jioni.

Sababu iko kwenye neva. Katika MS, kinga ya mwili hushambulia mielini, ala inayozifunika nyuzi za neva za ubongo na uti wa mgongo. Shambulio hilo huacha kovu, na likitokea kwenye shina la ubongo, huwa limepiga mahali penyewe panaporatibiwa kumeza. Neva za fuvu zinazohusika, ya 5, 7, 9, 10 na 12, lazima zifanye kazi kwa mfuatano: ulimi usukume, pumzi isimame, koromeo lipande na kujifunga, umio ufunguke. Hatua ya kooni huchukua takriban sekunde moja tu. Ujumbe ukichelewa hata kidogo, chakula hufika kabla mlango wa njia ya hewa haujafungwa. Maji hukimbia kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo mara nyingi maji ndiyo ya kwanza kumpalia mtu, naye hushangaa, maana alitarajia shida iwe kwenye nyama. Joto na uchovu huzidi kuchelewesha ujumbe huo. Basi ukipaliwa jioni usijilaumu kwamba umekula kwa pupa.

Karibu mtu mmoja kati ya watatu wenye MS hupata shida ya kumeza kwa kiwango fulani. Hauko peke yako.

Hatua ya 1: Andika kwa siku saba

Chukua daftari. Kila mlo andika saa uliyoanza na uliyomaliza, ulichokula na kunywa, na kilichotokea. Kikohozi wakati wa kumeza au dakika chache baadaye. Sauti inayobadilika na kuwa kama ina majimaji ndani: jaribu kusema "aaa" ndefu baada ya kunywa, uisikilize. Chakula kinachobaki kati ya shavu na ufizi. Kinywaji kinachotokea puani. Udenda. Hisia kwamba kitu kimekwama. Mlo uliokuwa wa dakika ishirini na sasa unamaliza saa nzima.

Jipime uzito mara moja kwa wiki. Andika pia homa na vifua vinavyojirudia, hata kama huvihusishi na chakula. Nasisitiza hili kwa sababu wapo ambao chakula huingia kwenye njia ya hewa bila wao kukohoa kabisa, kwa kuwa hisia za koo zimefifia. Kwa hao, nimonia inaweza kuwa dalili ya kwanza kuonekana.

Hatua ya 2: Peleka daftari kwa mtaalamu

Mwombe daktari wako wa neva akuelekeze kwa mtaalamu wa usemi na kumeza. Atakutazama ukila, kisha anaweza kupendekeza moja ya vipimo viwili: picha za eksirei zinazotembea huku ukimeza chakula kilichochanganywa na bariamu, kitu kinachoonekana kwenye eksirei, au kamera nyembamba inayopitishwa puani kutazama koo moja kwa moja. Vipimo hivi huonyesha kile kikohozi kisichoweza kueleza: chakula kinakwama wapi, upande upi umelegea, na mbinu ipi inakusaidia wewe.

Omba jambo moja ambalo wengi hawaombi. Kama daftari linaonyesha kwamba unapaliwa jioni, omba miadi ya alasiri. Vinginevyo utapimwa ukiwa na nguvu za asubuhi, uambiwe uko salama, urudi nyumbani kupaliwa.

Shida ikianza ghafla, ndani ya saa au siku chache, usisubiri miadi. Inaweza kuwa MS imeamka upya, au maambukizi, mara nyingi ya mkojo, yanayozidisha dalili za zamani. Homa pamoja na kifua kubana ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Andaa mwili kabla ya sahani

Pumzika nusu saa kabla ya kula. Mlo mkubwa uweke saa ambazo daftari linasema una nguvu, na uliobaki ugawe kuwa milo midogo mitano au sita. Kaa wima, nyonga nyuma kabisa ya kiti, nyayo zimekanyaga chini. Ukielemea upande, weka mto. Chumba kiwe na ubaridi. Zima televisheni. Na kabla ya chochote, piga mswaki.

Mswaki kabla ya kula huwashangaza watu, lakini fikiria: kinachoingia mapafuni hakiendi peke yake, kinabeba bakteria wa kinywani. Kinywa safi hupunguza hatari ya nimonia hata pale ambapo kupaliwa hakujaisha.

Hatua ya 4: Linganisha uzito wa kinywaji na ulaini wa chakula na koo la saa hiyo

Hapa ndipo penye kazi, twende polepole. Upo mfumo wa kimataifa uitwao IDDSI wenye ngazi 0 hadi 7. Ngazi 0 ni maji ya kawaida. 7 ni chakula cha kawaida. Mtaalamu atakuambia ngazi zako. Mimi hupenda kumpa mtu wa MS ngazi mbili, ya saa za nguvu na ya saa za uchovu, pale kipimo kinaporuhusu.

Kupima kinywaji nyumbani, tafuta bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, ambalo urefu kutoka alama ya 0 hadi ya 10 ni milimita 61.5. Toa kisukumio. Ziba tundu la chini kwa kidole, jaza hadi 10, achia kwa sekunde 10, kisha ziba tena usome kilichobaki. Chini ya mililita 1 ni ngazi 0. Kati ya 1 na 4 ni ngazi 1. Kati ya 4 na 8 ni ngazi 2. Zaidi ya 8, huku kikiendelea kudondoka, ni ngazi 3. Pima kikiwa na joto au ubaridi uleule utakaokinywa nao.

Unga wa kuongeza uzito wa vinywaji uko wa aina mbili kuu. Wa wanga huendelea kuwa mzito kadiri unavyokaa, na ukishaingia kinywani mate huanza kuuyeyusha. Wa gamu ya zanthani hubaki vilevile, na kwa wengi ndio ninaoupendekeza. Usijiongezee unga kwa woga tu. Kinywaji kizito kupita kiasi huacha mabaki kooni, na kikichosha ulimi mtu hunywa kidogo. Wenye MS wengi tayari hujinyima maji kwa sababu ya kibofu. Ukiongeza na hili, ukavu wa mwili unakaribia, na mkojo wa rangi nzito ndio utakaokuarifu.

Kwa chakula, uma unatosha. Ngazi 5, chakula kilichosagwa na chenye unyevu, vipande vyake havizidi milimita 4, yaani vinapita kati ya meno ya uma. Ngazi 6 ni laini, vipande visivyozidi sentimita 1.5, na ukikikandamiza kwa uma kinabonyea na hakirudi kama kilivyokuwa. Jihadhari na chakula chenye vitu viwili kwa pamoja, kama supu nyepesi yenye vipande: maji hutangulia kooni wakati ulimi bado unashughulika na kipande. Jihadhari pia na vikavu vinavyomung'unyika. Na aiskrimu, kwa aliyeambiwa aepuke vinywaji vyepesi, huyeyuka kinywani ikawa kinywaji chepesi.

Hatua ya 5: Kula

Kijiko cha chai. Tonge moja, funda moja. Meza, kisha meza tena bila kuongeza kitu, halafu ndipo uchukue lingine. Usizungumze kinywa kikiwa kimejaa. Familia ielewe kwamba ukimya wako mezani hauna ubaya. Usirudishe kichwa nyuma kumalizia glasi, maana unafungua njia ya hewa wakati maji yanaposhuka. Tumia kikombe kipana.

Mbinu zifuatazo ni dawa, na kila dawa ina mgonjwa wake. Kushusha kidevu, kama unayesoma kitabu kilicho mapajani, huwasaidia ambao kumeza kwao huchelewa kuanza, lakini wapo inaowaongezea shida. Kugeuza kichwa kuelekea upande uliolegea huufunga upande huo, chakula kikapita penye nguvu. Ipo pia hii: vuta pumzi, ibane, meza, kohoa mara moja kabla ya kuvuta tena, meza tena. Jifunze mbele ya mtaalamu kwanza.

Ukiona mikono inatetemeka au utafunaji unakuwa mzito, acha. Chakula kitakusubiri.

Hatua ya 6: Baada ya mlo

Kaa wima dakika 30. Pitisha ulimi mashavuni utafute mabaki, kisha safisha kinywa.

Hatua ya 7: Vidonge

Kimoja kimoja, ndani ya kijiko cha kitu laini kama mtindi mzito ikiwa ngazi yako inaruhusu. Usiponde kidonge kabla ya kumuuliza mfamasia. Fampridini, inayotolewa kusaidia kutembea, lazima imezwe nzima: ikipondwa hutoa dawa yote kwa mara moja na huongeza hatari ya degedege. Mweleze daktari pia kama kinywa kimekauka. Oksibutinini ya kibofu na tizanidini ya kulegeza misuli iliyokaza huweza kukausha mate, na tonge lisilo na mate halitelezi.

Hatua ya 8: Mfundishe unayekula naye

Ukikohoa kwa nguvu, akuache ukohoe na asikupe maji. Ukishindwa kukohoa, kusema au kupumua, aombe mtu apige simu ya dharura, akuinamishe mbele na kukupiga kwa kiganja kati ya mabega hadi mara 5. Kilichokwama kisipotoka, asimame nyuma yako, ngumi juu ya kitovu, avute ndani na juu hadi mara 5, na arudie kwa zamu. Kama unatumia kiti cha magurudumu, breki kwanza. Ukipoteza fahamu, akulaze chini na aanze kukandamiza kifua.

Yote haya yafanyiwe mapitio kila MS inapoamka au uzito unapopungua. Kwa baadhi ya watu hufika wakati milo haiwatoshi, na daktari akapendekeza mrija wa kulishia unaoingia tumboni moja kwa moja. Nimeona watu wakilia wakisikia hivyo, wakidhani hawataonja chakula tena. Wengi huendelea kuonja wanachokipenda, kwa kiasi alichoridhia mtaalamu, huku mrija ukibeba maji, dawa na lishe. Uliza kuhusu mrija mapema, wakati huuhitaji bado, ukiwa na uzito wako na sauti yako ya kusema unachotaka na usichotaka.